Injini Ikichemka



Lori likichemka njiani, wa kwanza kulaumiwa ni dereva, na pengine hukatwa mshahara. Basi na tujue kutafuta kosa lilipo.

Tuzime injini, tungoje ipoe. Tusifungue kifuniko cha rejeta kingali moto. Mwenzetu mmoja aliungua uso kwa haraka hiyo. Kisha tutazame: maji yamepungua? Mpira unavuja? Mkanda wa feni umelegea? Injini ikiwa moto sana na mpira wa juu bado baridi, huenda thamostati imekwama. Wa juu ukiwa moto na wa chini baridi, yaelekea rejeta imeziba. Oili ikigeuka kama maziwa, maji yameingia ndani, lori lisiendeshwe.

Tuandike yote katika kitabu cha gari, pamoja na tarehe. Siku dereva atakapoitwa ofisini, chama kitakuwa na neno la kusema.