HOTUBA YA KATIBU JUU YA BILI YA UMEME



Katika sherehe hii ya miaka kumi huenda mlitazamia tuwahesabie magunia. Hayo yamo katika taarifa ya Mweka Hazina. Sisi tumeagizwa kusema juu ya umeme, kwa kuwa katika Mkutano Mkuu uliopita mzee wetu mmoja alisimama akauliza: "Mashine ni zile zile, kahawa imepungua, mbona bili inapanda?" Hatukuwa na jibu la kumtosha, na tuliona haya.

Jibu tulilipata mahali tusipolitazamia. Chuo kikuu kimoja wanakosoma watoto wetu kilipoongeza malipo ya bweni kwa sababu ya umeme na maji, wazazi tulikwenda kuuliza. Mhasibu wake alitufunulia bili. Kumbe mteja mkubwa hatozwi kwa yuniti peke yake; hutozwa pia kwa kilele cha matumizi yake ya mwezi. Pampu ya kisima, majiko ya bwalo na hita za maji ya kuogea zikiwaka pamoja alfajiri, muda ule mfupi huamua sehemu ya malipo ya mwezi mzima. Juu yake huja gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, marekebisho ya fedha za kigeni, na kodi ya ongezeko la thamani ya 16%.

Kijana mmoja alikiri kwamba hupika maharage chumbani, kwa vile bweni limekwisha kulipiwa. Tusimcheke. Ni nani kati yetu asiyeleta simu yake kiwandani kuichaji?

Tuliporudi tulisoma bili yetu upya, tukakuta kilele chetu ni saa ile mashine za kumenya na pampu huwashwa kwa pamoja. Sasa tangi hujazwa asubuhi, nazo mashine huwashwa moja baada ya nyingine. Bili imepungua, ingawa si kwa kiasi cha kupigiwa vigelegele.

Wapo wanachama wanaotuhimiza tukope tununue mitambo ya jua, wakitaja Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi, ambacho mwaka 2014 kilitandaza juu ya mapaa yake mitambo ya kilowati 600. Mfano ni mzuri, lakini tuupime. Chuo hutumia umeme mwingi mchana, wakati wa masomo, na ndio wakati wa jua. Sisi wakulima huchuma asubuhi, hupima kahawa alasiri, na mashine hunguruma hadi usiku, jua limekwisha kuzama. Tena viwanda vyetu hulala miezi mingi kwa mwaka, lakini mkopo haulali. Bila betri, au bila mapatano ya kuuza umeme unaobaki, tutakuwa tumenunua kivuli cha mchana.

Pampu, hata hivyo, hufanya kazi mchana. Kwa hiyo tunaomba Mkutano Mkuu utupe idhini ya kufunga mita ya peke yake kwenye pampu kwa msimu mmoja. Hesabu yake italetwa mbele yenu, ndipo mpige kura juu ya mkopo, nasi tutafuata mtakavyoamua.