Udongo Wenye Sumu na Nyumba ya Maskini



Mito ya Uluguru ni uhai wetu. Ngerengere hujaza bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro, kisha hujiunga na Ruvu, ambao maji yake hufika Dar es Salaam. Katika mabonde hayo hayo wengine hufyatua matofali, na wengine huchenjua dhahabu. Tunahimizwa kuacha matofali ya kuchoma, yanayomaliza miti ya milima yetu, na kufyatua ya udongo na saruji. Wazo hilo ni jema. Lakini tuulize kwanza: udongo huo umechimbwa wapi?

Saruji ikikutana na maji hushikamanisha chembe za udongo. Kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 katika 100 zatosha. Lakini udongo ukiwa na risasi au zinki nyingi, kama ule wa mahali palipovunjwa betri chakavu, metali hizo huchelewesha saruji kuganda. Tofali laweza kukauka nje, huku ndani halijapata nguvu. Kulipima siku ya 7 hakutoshi. Lipimwe tena siku ya 28.

Tena, tofali gumu si lazima liwe salama. Ukali wa chokaa iliyomo katika saruji hufunga metali nyingi. Lakini ukizidi, risasi huweza kuyeyuka upya, na zebaki haifungwi vizuri. Wataalamu hutumia saruji kufungia udongo wenye sumu, lakini hupima pia maji yanayochuruzika humo. Sisi tusiufanye ukuta wa chumba anacholala mtoto.

Hapa ndipo haki inapoingia. Anayechukua udongo wa bei nafuu ni mjane, na kijana anayeanza maisha. Je, wao ndio walipie upimaji? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkaaji wa Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki.

Basi, kamati zetu za ujenzi ziulize historia ya kila shimo la udongo. Pale palipovunjwa betri au kuchenjuliwa dhahabu, tusichimbe. Na serikali ya kijiji idai upimaji kwa gharama ya aliyechafua. Kumjengea maskini nyumba yenye sumu si kumsaidia.