Hotuba kwa Vijana: Mhandisi wa Umeme na Daftari Lake



Nimeombwa kusema na vijana wanaokaribia kuchagua masomo ya chuo kikuu. Elimu yangu ni ya sekondari, hivyo nitasema kwa lugha ya duka.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme nao una daftari lake, gumu kuliko letu. Mchele hungoja ghalani mpaka mteja aje, lakini umeme wa gridi sharti uzalishwe sekunde ile ile unapotumika. Mizani ikiyumba, mizunguko ya umeme hupanda au kushuka kutoka 50 kwa sekunde, na hitilafu isipotengwa upesi huweza kutia giza mikoa mizima. Kuishika mizani hiyo ndiyo kazi ya mhandisi wa mifumo ya umeme.

Kazi ipo hapa hapa nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Viwanda, migodi na hospitali zetu, zote zahitaji watu wa kusanifu, kulinda na kukarabati mifumo yake.

Njia ni ndefu. Mwanafunzi husoma Fizikia, Kemia na Hisabati mpaka kidato cha sita, kisha miaka 4 ya shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyemaliza kidato cha nne aweza kuanza na stashahada katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Baada ya shahada, huja miaka 3 ya mafunzo ya kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Hapa ndipo nawageukia wafanyabiashara wenzangu. Shahada isiyopata mahali pa mazoezi ni mbegu isiyopata mvua. Kila mwenye kiwanda na apokee mhitimu mmoja, mvulana au msichana, wa jumuiya yetu au wa jirani yetu, amweke chini ya mhandisi mwaminifu, na nauli ya kila siku asimnyime.

Nanyi wazazi, msihofu kwamba duka litakosa mrithi. Mtoto anayelinda umeme wa mji mzima analinda na duka lenu.