PETROLI YA BEI KUBWA: JE, YAFAA KUINUNUA?



Wako wenye magari wengi waaminio kwamba petroli ya bei kubwa ni chakula bora cha injini, tena kwamba hulipa gari nguvu na kulifikisha mbali zaidi. Wengine hujinyima ili wainunue. Jambo hili lafaa kuchunguzwa, maana fedha ni jasho la mtu.

Petroli hupimwa kwa nambari iitwayo okteni. Nambari hiyo haionyeshi wingi wa nguvu iliyomo katika petroli, bali huonyesha jinsi petroli inavyostahimili kushindiliwa bila kulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Ikilipuka hivyo, injini hugonga. Na kugonga kukizidi, pistoni huharibika. Kwa hiyo injini ishindiliayo sana, au yenye turbo, huenda ikahitaji okteni kubwa, na mwenye gari akiinyima hujitia hasarani. Lakini injini isiyoihitaji haipati faida ya maana. Ni kama kujenga daraja la chuma juu ya mfereji unaorukwa na mbuzi.

Nchini Marekani, chama cha wenye magari kiitwacho AAA kilifanya majaribio mwaka 2016 kwa magari yaliyoundwa kutumia petroli ya kawaida. Hakikuona nafuu ya maana, si katika nguvu wala katika matumizi ya petroli. Kilikadiria kwamba Wamarekani walipoteza zaidi ya dola milioni 2,100 kwa mwaka mmoja kwa kununua kitu kisichohitajiwa na magari yao.

Hapa Kenya magari mengi huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Huko petroli ya kawaida ina okteni isiyopungua 89, na ile ya bei kubwa isiyopungua 96. Basi, mwenye gari ajue kwanza gari lake liliundwa kwa ipi. Tena, injini isiyo na turbo hugonga kwa shida zaidi Nairobi, penye hewa nyepesi, kuliko Mombasa, kando ya bahari na penye joto.

Wauzaji husema pia kwamba petroli yao ina dawa ya kusafisha injini. Dawa hiyo yaweza kupunguza uchafu, lakini dawa ni jambo moja na okteni ni jambo jingine. Wala haitengenezi injini iliyochakaa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Chukueni mfano wa mwenye teksi atumiaye lita 20 kila siku, siku 26 kwa mwezi. Akiongeza shilingi 15 kwa kila lita, zitamtoka shilingi 7,800 kila mwezi. Fedha hizo zingesaidia karo ya mtoto, au zingenunua oili na breki.

Yafaa basi kufanya hivi. Soma kitabu cha gari, au maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha tangi. Kikiamuru okteni kubwa, tii. Kikisema ya kawaida yatosha, yatosha. Ukiwa na shaka, andika lita na kilometa za matangi matatu ya kila namna, kisha linganisha. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.