Mbele ya kupatia parsele nzima wifi: maneno kwa vijana wa Butembo



Leo tuachane kidogo na barabara. Tuongelee ile ruta ambayo wengi munachangia makuta na kununua juu ya parsele nzima. Tunaingiza kadi, tunachomeka, taa inawaka, tunasoma neno la siri chini ya kisanduku, tunalituma mu grupu ya WhatsApp, basi. Kumbe kazi haijaanza.

Ruta iko na maneno ya siri mawili. La kwanza ni la wifi. La pili ni la mlango wa nyuma: ukiandika 192.168.1.1 ao 192.168.8.1 pale unafungulia intaneti (namba ya kwako iko chini ya kisanduku), unaingia mahali ruta inapangiwa. Kwa ruta nyingi mupya hilo la pili ni "admin" tu. Mutu yeyote mwenye wifi yako anaweza kuingia, akufungie inje, ao ageuze njia ili simu yako ifike kwenye ukurasa wa uongo. Simu ikisema ukurasa si salama, musilazimishe.

Na kuna orodha. Ruta inaonyesha simu zilizounganishwa, mara nyingi pamoja na jina la simu. Kwa hiyo ni orodha ya watu walio mu nyumba. Jimbo letu liko chini ya uongozi wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Munaelewa kwa nini nasema haya mbele yenu, sio mbele ya mafundi.

Basi mugeuze yote mawili, siku ya kwanza. Maneno mane ya Kinande yasiyo na uhusiano ni bora kuliko "Butembo2025". Jina la wifi lisitaje familia wala kikundi chetu. Muchague WPA2 ao WPA3, mufunge WPS, na wageni muwape wifi yao ya pembeni kama ruta inaruhusu.

Pa kuiweka? Karibu na dirisha, juu, sio chini nyuma ya kabati. GHz 5 inakimbia lakini ukuta unaichosha. Chumba cha mbali kitumie 2.4.

Mega nazo! Simu ikiona wifi inafikiri ni ya bure, inaanza kupakua programu na video yenyewe. Muzime hiyo kwa kila simu, la sivyo pakiti ya mwezi inakufa mu siku chache, halafu kelele mu parsele.

Wengine wananiuliza Starlink. ARPTC ilikataza Machi 2024, ikatoa ruhusa Mei 2025. Sahani inataka anga wazi na umeme mwingi kuliko ruta ya kadi. Muhesabu betri kwanza.

Lakini musidanganyike. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi ambao CENI iliahirisha kwetu Beni na Butembo hadi Machi 2019, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu majuma matatu. Ruta nzuri na mbaya zilikuwa sawa. Namba za watu wenu muziandike kwa karatasi, leo.

Aliye na ruta hapa ailete mbele na chaja yake. Aliyesahau neno la siri, nyuma kuna katundu kadogo: ingiza sindano, hesabu 10, inarudi kama ilivyotoka dukani, na tunaanza upya pamoja.