Reli Ndogo ya Buckingham



Watoto wetu tangu zamani hutengeneza magari kwa waya na makopo, wakayatia magurudumu ya kandambili zilizochakaa, wakayasukuma kwa kijiti kirefu mpaka jua litue. Mzazi akiwaona hutabasamu na kupita. Anajua kwamba siku moja gari lile litaachwa uani, na mwenyewe atakwenda zake shambani, au shuleni, au mjini. Lakini ziko nchi ambako watu wazima, wenye mvi na wajukuu, hawakuliacha. Huko Uingereza utamkuta mwalimu, daktari au fundi wa bomba ambaye katika chumba kimoja cha nyumba yake amejenga reli ndogo yenye stesheni, madaraja, ishara na treni ziendazo kwa umeme. Na amekuwa akiijenga kwa miaka ishirini au thelathini, wala hajaimaliza.

Tena makasisi hawakosi miongoni mwao. Wilbert Awdry, aliyeandika vile vitabu vya watoto vyenye injini zinazosema, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1945, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na reli yake ndogo alikuwa akiipeleka kwenye maonyesho. Eric Treacy, Askofu wa Wakefield, alijulikana kwa picha zake za treni za moshi kama alivyojulikana kwa mahubiri yake, na mauti yalimkuta katika stesheni ya Appleby mwaka 1978. Hao nawapita upesi. Ninayetaka tumtazame leo ni kasisi wa tatu, Peter Denny, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2009, na ambaye alihudumu kwa muda mrefu huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza.

Najua swali linalowajia. Mtumishi wa Kanisa ana haki gani ya kutumia maisha yake kwa mchezo wa namna hiyo, na huku wagonjwa wapo na wafiwa wapo? Ni swali la haki, nami sitalikimbia. Lakini kabla ya kuhukumu kazi ya mtu, hebu tuione kwanza.

Baada tu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Denny alianza kujenga reli ya mji wa Buckingham. Mji huo upo kweli, na stesheni ilikuwapo kweli, ila ilikuwa ya kampuni nyingine. Denny alijiuliza: je, kama kampuni ya Great Central, ambayo njia yake kuu ya kwenda London ilifunguliwa mwaka 1899, ingalitoa tawi kwenda Buckingham, mambo yangalikuwaje? Hilo moja tu ndilo alilolibuni. Mengine yote aliyafunga chini ya sheria. Mwaka ni 1907, na kila kitu, injini, behewa, taa, hata mavazi ya abiria wanaosubiri, kiwe ni kitu ambacho macho ya mtu wa mwaka ule yangaliweza kukiona.

Wasikilizaji wapendwa, msidhani kwamba sheria hiyo ni nyepesi. Kampuni ile ile ilitoa mwaka 1913 injini maarufu zilizoitwa Director, nazo ni nzuri ajabu. Mtengenezaji aliyejifunga kwa mwaka 1907 huzitazama, huzipenda, na huziacha. Wanaoanza kazi hii aghalabu hununua kila kinachowapendeza: injini ya nchi hii, behewa la zama zile, mlima wa Uswisi na kituo cha Uingereza. Vyote ni vizuri kimoja kimoja, lakini vikiwekwa pamoja havisemi kweli, na jicho la mtazamaji hulitambua jambo hilo hata kabla akili haijapata sababu.

Ipo pia shida ya upana wa reli. Wenzetu wanaokaa karibu na njia hizi wataielewa upesi, maana wanajua kwamba behewa la TAZARA, lililotengenezwa kwa reli za upana wa milimeta 1,067, haliwezi kuingia katika Reli ya Kati ya zamani yenye milimeta 1,000. Reli za Uingereza zina upana wa milimeta 1,435. Watengenezaji wengi wa huko hutumia skeli ambamo milimeta nne husimama mahali pa futi moja, yaani kitu hupunguzwa mara sabini na sita hivi. Kwa hesabu hiyo, reli ndogo ingepaswa kuwa na upana wa milimeta 18.83. Lakini viwanda vya zamani vilikuwa na reli ya milimeta 16.5, ambayo ni sahihi kwa skeli iliyo ndogo zaidi. Kwa kuwa injini za Uingereza ni nyembamba, na mota za siku zile zilikuwa nene mno kuingia ndani yake, viwanda viliikuza miili ya injini vikaiacha reli ilivyo. Matokeo yake ni injini yenye mabega mapana juu ya miguu iliyobanana. Tukiirudisha katika ukubwa wa kweli, reli hiyo imepungukiwa na karibu sentimeta 18. Mamilioni ya wanunuzi hawakujali.

Denny alijali. Alitumia reli ya milimeta 18, na kwa kuwa dukani havikuwapo vifaa vya upana huo, ilimbidi avitengeneze karibu vyote kwa mikono yake: reli, injini, mabehewa, ishara na nyumba. Baadaye, katika miaka ya 1960, walitokea wengine waliosema kwamba hata 18 haitoshi, ni lazima ifike 18.83 kamili, na hao nao walikuwa na haki kwa hesabu. Yeye alibaki na 18 zake. Sisi tunaosikiliza maungamo tunaifahamu hali ya mtu ambaye dhamiri yake haitulii kamwe, anayerudi kuchungua jambo lile lile kwa lenzi kali zaidi mpaka hafanyi tena lolote jema kwa hofu ya kukosea. Denny alichagua kipimo kilichoshinda uzembe wa wengi, kisha akajenga treni. Wako waliotafuta kipimo kamili, wakafa na kipande cha reli cha urefu wa meza.

Sasa tuyaangalie mabehewa yenyewe, maana hapo ndipo kazi ilipo tamu. Behewa la makaa ya mawe la zama zile lilikuwa na urefu wa futi kumi na sita. Katika skeli hii ni milimeta 64, yaani linakaa kiganjani. Lina magurudumu manne. Mtu angedhani kwamba magurudumu manne yaliyofungwa imara yatalifanya litulie, lakini meza ya magurudumu manne, kama ile ya miguu minne, huyumba sakafu isipokuwa sawa, na gurudumu moja likining'inia hewani, behewa huacha njia. Mafundi walitafuta dawa, na dawa waliyoipata kila mama anayepika jikoni mwetu anaijua: mafiga matatu. Ekseli moja hufungwa imara, nayo ni mafiga mawili. Ekseli ya pili huachwa icheze juu ya ncha moja katikati, nayo ni figa la tatu. Hapo behewa halitikisiki hata reli ikiwa na bonde. Kisha huongezewa kipande cha risasi chini ya sakafu ili lipate uzito, na umbali baina ya magurudumu hupimwa kwa kipande cha chuma kilichokatwa kwa ajili hiyo tu. Vyote hivi havionekani. Mgeni akija ataona behewa linapita, basi.

Kinachoonekana ni rangi, na rangi ina mtego wake. Behewa jipya lililotoka katika sanduku linang'aa, na kwa sababu hiyo halisemi kweli, kwa kuwa hakuna behewa la makaa lililowahi kung'aa zaidi ya juma moja. Kwa hiyo mtengenezaji hulichakaza kwa makusudi. Hupaka rangi nyembamba ya kahawia na kijivu, akaifuta, ikabaki katika nyufa za mbao. Hutia vumbi la kutu kwenye vyuma. Na ndani ya behewa, ambako makaa yamekwaruza rangi kwa miaka, mbao huachwa na weupe wa kijivu wa mti mkavu. Baada ya hapo husaga makaa ya kweli na kulijaza. Lakini tazameni kosa la wengi: akishajua kuchakaza, mtu huchakaza yote sawasawa, kana kwamba mabehewa ishirini yalizaliwa siku moja na kunyeshewa na mvua moja. Treni ya kweli haikuwa hivyo. Moja lilitoka karakana juzi, la pili lina ubao mmoja mpya mweupe katikati ya mbao kuukuu, la tatu jina la mwenyewe limefifia halisomeki. Kulijua hilo hakutoki kichwani. Hutoka katika kukaa na picha ya zamani na kuitazama mpaka uone kilichomo, badala ya kuona ulichokitarajia. Nathubutu kusema kwamba hii ndiyo sehemu ngumu kuliko lehemu na tupa, na ndiyo inayowashinda wenye fedha nyingi.

Nilisema kwamba reli ya namna hii haimalizwi. Stesheni ya Buckingham ilijengwa mara tatu. Ya kwanza ilikwenda, treni ziliingia na kutoka, na angeweza kutosheka. Aliibomoa akajenga ya pili, kisha ya tatu, na hiyo ndiyo iliyodumu. Baadaye njia ilirefuka, ikapata njia panda ya Grandborough na stesheni ya Leighton Buzzard. Kujenga mara ya kwanza kuna msisimko wake; kurudi kwenye kitu kinachokwenda tayari, kukitazama kwa haki na kusema hapa na hapa hapajawa sawa, kunahitaji moyo wa namna nyingine. Wala hakuwa mtu wa nyumba moja: kasisi huhamishwa, na reli yake ilihama pamoja naye.

Tena treni za Buckingham hazikuzunguka tu kama ng'ombe wa kinu. Zilifuata ratiba. Treni haikutoka stesheni moja mpaka mwendeshaji apige kengele kwa idadi maalumu ya milio, na mwenzake wa stesheni ya pili ajibu kwamba njia ni nyeupe, kama ilivyofanyika katika reli kubwa. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mwanawe, aitwaye Crispin, alikuwa mwendeshaji mwenzake. Watoto hukua, wapendwa, na hili halihitaji maelezo katika nyumba yoyote. Denny alitengeneza mashine ya kushika nafasi ya kijana: iliweza kuzisikia kengele za baba, kuzijibu, na kupokea na kutuma treni kwa zamu yake. Akaiita Crispin wa Kujiendesha. Wasomaji wa majarida ya reli ndogo hucheka wanapolisoma jina hilo, na bila shaka yeye mwenyewe alicheka. Mimi ninalisoma kwa namna mbili.

Turudi kwa swali letu. Nimeahidi kutolikimbia. Ikiwa mtu ananunua mabehewa na huku ada ya mtoto haijalipwa, hana udhuru, na risasi aliyotia chini ya behewa ni uzito juu ya dhamiri yake. Ikiwa anajificha katika chumba cha juu kwa kuwa hataki kusikia hodi mlangoni, hilo nalo ni kosa. Lakini si kila saa isiyoleta faida imepotea. Mwenyezi Mungu alipoumba alitazama na kuona, kabla ya kupumzika. Na mtu aliyeumbwa kwa mfano wake naye hutengeneza, akatazama. Kasisi hutumia juma zima kwa mambo ambayo matunda yake hayaoni: anashauri ndoa, hajui kama itasimama, anazika, hajui kama mjane amefarijika. Jioni anaketi na behewa la milimeta 64, na hapo anaweza kujua kwa hakika kama linakwenda au haliendi. Mimi simnyimi faraja hiyo. Tena aliyezoea kulitazama behewa kuukuu mpaka aone ubao wake mmoja mpya, sidhani atampita mzee wa parokia bila kuona kwamba leo shati lake limekosa kifungo kimoja.

Neno moja la mwisho kuhusu reli zenyewe. Stesheni ya kweli ya Buckingham ilifungwa kwa abiria mwaka 1964. Njia kuu ya Great Central, iliyojengwa kwa gharama kubwa na mikono ya maelfu, sehemu yake kubwa ilifungwa mwaka 1966. Denny alipofariki mwaka 2009, reli yake haikuvunjwa. Ilipokelewa na fundi mwingine aliyeipenda, naye aliisimamisha tena nyumbani kwake, akazisafisha swichi zilizoshika kutu na kuzirudisha injini kazini moja baada ya nyingine. Kengele zikapigwa tena Buckingham.