Ngozi iliyooteshwa maabara, na mtoto wa Goma

Kuna watoto wanaozaliwa na ngozi inayotoka malengelenge kwa kuguswa tu. Jeni moja ina kasoro, na protini inayoshikiza tabaka za ngozi haitengenezwi ipasavyo.

Mwaka 2015, huko Bochum, Ujerumani, mtoto wa miaka 7 mwenye ugonjwa huu alikuwa karibu kufa. Madaktari walichukua chembe za ngozi yake, zikatiwa jeni nzima na kuoteshwa Modena, Italia, kisha wakampandikizia ngozi hiyo kwenye karibu asilimia 80 ya mwili. Alipona, akarudi shule. Familia yake ilikuwa ya wakimbizi kutoka Syria, na hilo nalikazia hapa Goma, mji uliowapokea wengi waliokimbia vita.

Aprili 2025 Marekani iliidhinisha tiba ya jamii hiyo, kwa bei ya takriban dola milioni 3. Kwetu, hata uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa tangu Januari mwaka huo. Basi tudai kwanza linalowezekana: bandeji zisizonata, vazelini, sindano safi ya kutoboa lengelenge, muuguzi anayeujua ugonjwa huu. Na asiwepo jirani wa kumwita mtoto huyo mchawi, wala wa kuogopa kumpakata: ugonjwa huu hauambukizi.